Kitambaa au Karatasi Jikoni, na Ikiwa ni Kitambaa, Basi Kipi?

Mtu anayetaka kuacha karatasi za jikoni na kutumia vitambaa vinavyofuliwa huanza, mara nyingi, kwa kuuliza ni kitambaa kipi kinachofyonza maji zaidi. Swali hilo lina nafasi yake, lakini halistahili kutangulia. Karibu kila kitambaa kizuri kitafyonza maji yaliyomwagika mezani. Kinachotofautisha kitambaa kitakachodumu jikoni na kile kitakachotupwa baada ya wiki chache kwa sababu ya uvundo ni wepesi wake wa kukauka, pamoja na urahisi wa kukifua kwa namna ambayo mwenye nyumba anaimudu kweli, si ile anayokusudia tu kuifuata siku akipata nafasi.

Karatasi ina kazi yake, lakini ni ndogo

Karatasi za jikoni za kuviringishwa zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1931, zikiwa zimetolewa na kampuni ya Scott. Kabla ya hapo majiko yalifutwa kwa vitambaa, jambo linalofaa kukumbukwa na yeyote anayedhani kwamba jiko haliendi bila karatasi. Faida ya karatasi ni moja, ila ni kubwa: uchafu huondoka pamoja nayo, na hakuna mtu anayebaki na wajibu wa kuufua. Kwa sababu hiyo zipo kazi mbili ambazo ningeiachia karatasi hata katika nyumba yenye vitambaa vya kutosha. Ya kwanza ni kufuta majimaji ya nyama mbichi, hasa ya kuku, ambayo yanaweza kubeba bakteria wa salmonela na kampilobakta. Kitambaa kilichofuta majimaji hayo kisha kikarudishwa kwenye msumari wake kitawasambaza bakteria hao kwenye kila kitu kitakachoguswa baadaye.

Kazi ya pili ni kuondoa mafuta mengi yaliyobaki kwenye kikaango. Ukiyafuta kwa kitambaa, unalihamishia tatizo kwenye maji ya kufulia na kwenye mabomba ya maji machafu, ambako mafuta huganda na kuziba. Aidha, kuna hatari ambayo watu wengi hawaifikirii: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kupikia, ambavyo havikutakata vizuri vilipofuliwa, vikikaushwa kwa mashine yenye joto kali kisha vikalundikwa vikiwa bado vya moto, vinaweza kuwaka vyenyewe, kwa kuwa mafuta hutoa joto yanapoungana na oksijeni ya hewa, na joto hilo likiwa katikati ya lundo halina pa kutokea.

Nje ya kazi hizo mbili, karatasi inashindwa. Ukiisugua juu ya doa lililokauka inachanika na kuacha vipande, ilhali kitambaa cha pamba huwa na nguvu zaidi kikiwa kimelowa kuliko kikiwa kikavu, kwa hiyo kinaweza kukamuliwa na kusuguliwa kwa nguvu bila kuharibika. Karatasi iliyotumika jikoni, kwa kawaida, haipokelewi kwenye urejelezaji, kwa sababu nyuzi zake ni fupi, imechafuka, na mara nyingi imetiwa gundi maalumu ya kuizuia isiyeyuke inapolowa. Tena karatasi hufuta mara moja tu, wakati kitambaa kimoja kilichokunjwa mara mbili, na kikapata umbo la mraba mdogo, kinampa mtumiaji nyuso nane safi kabla ya kuhitaji kusuuzwa. Hilo la kukunja ni jambo dogo ambalo wasafishaji wa hoteli hulifanya bila kufikiri, na sisi wengine tunaofinyanga kitambaa mkononi tunalipuuza bure.

Upande wa gharama unahitaji ukweli kidogo. Karatasi hulipiwa kidogo kidogo bila mwisho, na kitambaa hulipiwa mara moja, kisha kinadai sabuni, maji na muda kwa muda wote wa maisha yake. Mwenye mashine ya kufulia atavitia vitambaa vyake pamoja na mashuka au taulo nyingine na hatahisi ongezeko lolote. Anayefua kwa mkono atalihisi, na ana haki ya kuliweka kwenye hesabu, kwa sababu sifa nyingi za vitambaa huandikwa kana kwamba vinajifua vyenyewe.

Hata kwa mazingira, kitambaa kipya hakiingii nyumbani kikiwa hakina deni. Kilo moja ya kitambaa cha pamba huhitaji, kwa wastani wa dunia, takriban lita 10,000 za maji tangu shambani hadi kiwandani, maana yake kitambaa kidogo cha gramu 50 kimekwisha kutumia lita 500 kabla hakijafuta tone la kwanza. Anayenunua rundo la vitambaa vizuri na kuvitupa baada ya miezi michache ameokoa kidogo sana kuliko anavyodhani. Kitambaa huishinda karatasi kwa kukaa miaka, na hakuna njia nyingine ya kuishinda.

Vitambaa vyenyewe

Pamba ndiyo chaguo la kawaida, lakini kusema "pamba" hakutoshi, kwa sababu namna ilivyofumwa ina uzito kuliko jina lake. Pamba ya vitanzi, yaani ile ya taulo za kuogea, hubeba maji mengi kuliko aina nyingine za pamba kwa kuwa kila kitanzi huongeza eneo la kufyonzea. Ni nzuri kwa maji yaliyomwagika na kwa kufuta mikono. Hata hivyo, unene huohuo huifanya ichelewe kukauka, vitanzi hushikwa na meno ya uma na ncha za visu, na chembe za vyakula hujificha ndani yake hadi zikafuliwe kwa nguvu. Pamba bapa na nyembamba ni kinyume chake: hubeba maji machache, lakini hukauka upesi, hukamulika hadi tone la mwisho, na haiachi vumbi la nyuzi kwenye bilauri. Katikati ya hizo mbili ipo pamba yenye vishimo vidogo vya mraba, ambayo hufyonza vizuri bila kuwa nzito, na hewa hupita ndani ya vishimo vyake hivyo hukauka mapema. Kama mtu ataruhusiwa aina moja tu ya kitambaa kwa kazi zote, mimi ningemchagulia hiyo, nikimwonya kwamba hurudi sana inapofuliwa mara ya kwanza, kwa hiyo anunue kubwa kidogo kuliko anavyohitaji.

Vitambaa vipya vya pamba huwaudhi watu kwa sababu ambayo si kosa la pamba. Vikitoka kiwandani huwa vimepakwa dawa za kuvilainisha na kuvipa mng'ao, nazo hukimbiza maji. Mtu hufuta meza, maji yanasogea upande wa pili, naye anahitimisha kwamba amenunua kitambaa kibovu. Vinahitaji kufuliwa kwa maji ya moto mara mbili au tatu kabla ya kuhukumiwa. Kipimo chake ni rahisi: kitandaze kitambaa kikavu, udondoshe tone moja la maji juu yake, na ulitazame kwa karibu. Tone likikaa juu kama ushanga, kitambaa bado hakijawa tayari, au kina nyuzi za plastiki nyingi kuliko lebo inavyokubali. Tone likitanuka na kupotea papo hapo, kitambaa kinafaa kazi.

Kitani kina nyuzi ndefu kuliko za pamba, kwa hiyo hakiachi vumbi, na hukauka haraka. Kwa bilauri na visu hakina mpinzani. Huwa kigumu kikiwa kipya na hulainika kadiri kinavyofuliwa, kinadumu sana, lakini ni ghali, na sioni sababu ya kukitumia kufutia meza.

Mikrofaiba inastahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu husifiwa kupita kiasi na kulaumiwa kupita kiasi. Ni uzi wa plastiki, kwa kawaida mchanganyiko wa poliesta na poliamaidi, mwembamba mno kiasi kwamba mita 9,000 za uzi mmoja hazifikishi uzito wa gramu moja. Katika vitambaa bora, kila uzi hupasuliwa na kuwa vipande vyenye kingo, na kingo hizo ndizo zinazokwangua utando wa mafuta na vumbi ambao pamba huupaka tu huku na huku. Kwa hiyo kwenye vioo, kwenye milango ya friji, kwenye makabati yenye utando wa mafuta ya kupikia na kwenye vyuma vinavyong'aa, mikrofaiba iliyoloweshwa maji matupu hufanya kazi ambayo pamba ingehitaji sabuni kuifanya, nayo hukauka upesi.

Ubaya wake huonekana baada ya muda. Haivumilii joto: mtu akiisahau juu ya jiko linalowaka itayeyuka, na ikikaushwa kwa joto kali nyuzi zake hulainika na kupoteza zile kingo. Haivumilii klorini wala kilainishi cha nguo. Hunasa vumbi la nyuzi likitoka kwenye pamba, kwa hiyo hufuliwa peke yake, jambo ambalo katika nyumba nyingi halitatimizwa kila wiki. Juu ya hayo, kila inapofuliwa huachia vipande vidogo mno vya plastiki ambavyo huenda na maji machafu. Kwa sababu hiyo, viwili au vitatu vya mikrofaiba kwa kazi za kung'arisha vinatosha nyumbani, na kulijaza jiko zima mikrofaiba naona ni kosa la manunuzi.

Kuna aina nyingine ambayo imeenea miaka ya karibuni, ingawa ni ya zamani: kitambaa-sifongo kilichobuniwa Sweden mwaka 1949 na mhandisi Curt Lindquist, ambacho kwa kawaida huwa na takriban asilimia 70 ya selulosi, yaani maada inayojenga nyuzi za mimea, na asilimia 30 ya pamba. Kikikauka huwa kigumu mithili ya kadibodi, na kikilowa hulainika na kufyonza maji mengi ajabu. Kukauka kwake kwa haraka ndiko kunakokiweka mbele ya sifongo la kawaida, ambalo ni nene, halikauki ndani, na kwa maoni yangu halina haki ya kuwemo katika ulinganisho huu. Kitambaa hicho kinaweza kuchemshwa, na kikichakaa kinaoza, lakini hakidumu miaka kama pamba nene, wala hakifai kukaushia vyombo.

Vitambaa vinavyouzwa kwa jina la mianzi, kwa sehemu kubwa, ni viskosi, yaani selulosi iliyoyeyushwa kwa kemikali na kutengenezwa upya kuwa uzi. Ni laini na hufyonza vizuri, lakini tofauti na pamba hupungua nguvu zikilowa, nayo jikoni ni mahali pa kulowa. Sifa za mmea mbichi zinazoandikwa kwenye lebo zisimshawishi mtu kulipa zaidi.

Mwisho ni matambara ya nyumbani, ambayo mara nyingi hutajwa kwa aibu ilhali ndiyo yanayoshinda kwa hesabu ile ya lita 500. Fulana kuukuu ya pamba tupu hukatwa kwa mkasi na kutumika siku hiyohiyo bila kushonwa pindo, kwa sababu kitambaa chake, kilichofumwa kama sweta, hujikunja ukingoni badala ya kufumuka. Shuka kuukuu, kwa upande wake, litaachia nyuzi hadi lishonwe pindo, lakini ni bora kuliko fulana kwa kukaushia vyombo kwa kuwa ni bapa na limeshafuliwa miaka mingi. Jihadhari na fulana za michezo, ambazo nyingi ni poliesta na huishia kuyazungusha maji mezani. Kile kipimo cha tone la maji kitazifichua.

Kufua na kukausha ndiko kunakoamua

Baadhi ya bakteria, wakipata joto, unyevu na chakula, hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Katika hali kama hiyo bakteria mmoja anaweza kuwa zaidi ya 4,000 kwa muda wa saa nne, na kitambaa chenye majimaji ya vyakula kilichofinyangwa kando ya sinki kinawapa karibu yote wanayotaka. Kitambaa kikavu hakiwapi. Ndiyo maana namna ya kuanika ina uzito kuliko aina ya sabuni. Kitazame kitambaa kilichotundikwa kwenye mkono wa mlango wa jiko kikiwa kimekunjwa mara mbili: nje utakigusa na kukikuta kikavu, lakini ukifungua mikunjo utakuta sehemu ya kati bado imelowa, na hapo ndipo uvundo unapoanzia. Kitandazwe chote, bila mkunjo wowote, mahali penye hewa. Kitambaa kisichoweza kukauka kati ya kazi moja na nyingine kibadilishwe, hata kama kinaonekana safi.

Kwa kufua, joto la nyuzi 60 za Selsiasi na sabuni ya kutosha huwaua bakteria wengi wanaotuhusu. Pamba na kitani huvumilia hata kuchemshwa katika sufuria, na hapo ndipo zinapoizidi mikrofaiba kwa mbali. Kijiko cha magadi ya kufulia katika maji hayo husaidia kuondoa mafuta, ambayo ndiyo yanayoshikilia harufu. Kilainishi cha nguo kiachwe kabisa, kwa sababu huacha utando juu ya nyuzi na kuzuia ufyonzaji. Kitambaa kikiwa kigumu baada ya kufuliwa kwa maji ya chumvi, yaani maji yenye kalsiamu nyingi, siki kidogo katika maji ya mwisho ya kusuuzia itayeyusha mabaki hayo. Ila siki isikutane kamwe na klorini ya kufulia, kwa kuwa hutoa gesi ya sumu, wala klorini isichanganywe na amonia.

Klorini yenyewe naiona kama ya dharura. Huua vijidudu vizuri kwenye pamba nyeupe, lakini huila pamba polepole, na uchafu uliobaki kwenye kitambaa huimaliza nguvu kabla haijafanya kazi, kwa hiyo kuimimina juu ya kitambaa kichafu ni kuipoteza. Jambo jingine lisilojulikana sana ni kwamba dawa za kuua vijidudu zenye kloridi ya benzalkoni hunaswa na nyuzi za pamba. Ukiloweka kitambaa cha pamba katika ndoo ya dawa hiyo kutwa nzima, dawa inayofika mezani huwa hafifu kuliko iliyoandikwa kwenye chupa. Kwa dawa za namna hiyo ni afadhali kuinyunyiza moja kwa moja mezani, kuiacha kwa muda uliotajwa kwenye maelekezo, kisha kufuta.

Rangi ya kitambaa ni suala la usafi pia. Kutenga rangi moja kwa vyombo, nyingine kwa meza na nyingine kwa sakafu huzuia makosa ambayo hakuna maelezo ya mdomo yatakayoyazuia katika nyumba yenye watu wengi. Rangi nyeusi na za kiza hupendwa kwa kuwa hazionyeshi madoa, na mimi naiona sifa hiyo kuwa kasoro: kitambaa cha jikoni kinapaswa kumwonyesha mtu wakati wa kukifua.

Nani achague nini

Anayefua kwa mkono achague vitambaa vyembamba, yaani pamba bapa, shuka kuukuu na kitambaa-sifongo, na aepuke pamba nene ya vitanzi, ambayo kuikamua kila siku ni adhabu. Vitambaa vingi vyembamba vitamhudumia vizuri kuliko vinene vichache. Mwenye mashine anaweza kumudu vitanzi, mradi ana mahali pa kuvikausha. Anayeishi katika hali ya hewa yenye unyevunyevu, au katika nyumba ambayo jua haliingii, aweke wepesi wa kukauka mbele ya kila sifa nyingine, na pamba yenye vishimo itamfaa. Nyumba yenye mtoto mchanga, mgonjwa au mzee dhaifu ichague pamba nyeupe ambayo inaweza kuchemshwa, na isione haya kuiweka karatasi kwa ajili ya nyama mbichi. Na yeyote anayetumia kitambaa kushikia vyungu vya moto, kiwe cha aina gani, ahakikishe ni kikavu na ni kinene: maji hupitisha joto upesi, na kitambaa kilicholowa kitamuunguza kabla hajafika mezani.

Idadi hutegemea siku zinazopita kati ya kufua na kufua. Nyumba inayotumia vitambaa vitatu kwa siku na kufua kila baada ya siku tatu inahitaji tisa, pamoja na vitatu vya kushika zamu wakati vingine vimeanikwa. Wanaonunua vinne tu ndio wanaorudi kwenye karatasi, kwa sababu siku ya pili hukuta vyote vimelowa.

Kitambaa kikichakaa kishushwe daraja kabla ya kutupwa: kutoka kwenye vyombo kiende kwenye meza, kutoka mezani kiende sakafuni, na cha sakafuni kitumike mara ya mwisho kwa zile kazi chafu ambazo zingekula karatasi. Pamba tupu na kitani, zikiwa hazikulowa mafuta mengi wala dawa kali, zinaweza kukatwa vipande na kutiwa kwenye mboji. Mikrofaiba haina njia hiyo, na anayeinunua ainunue akijua kwamba itaishia jalalani.